Anatafutwa Shahidi Mmoja

Faili lilirudi kutoka kwa mwendesha mashtaka likiwa na swali moja la wino mwekundu pembeni: "Mbali na mlalamikaji, nani mwingine aliiona?"

Inspekta alilisoma akiwa amesimama, kwa sababu kiti chake kilikuwa kimeazimwa na ofisi ya jirani, na vitu vinavyoazimwa na ofisi ya jirani vina tabia ya kuhamia huko. Wenzake walimwita Koleo tangu chuoni. Si kwa ukali, maana alikuwa mwanamke wa sauti ya chini ambaye hata kuku hawakumkimbia. Akishika jambo haachii, basi. Jina hilo lilikuwa limeshafika hadi kwa mume wake, ingawa yeye alilitumia kwa uangalifu.

"Kazi ndogo hii," alisema Mkuu wa Kituo. "Shahidi mmoja tu. Mtu yeyote aliyeufungua ukurasa wa yule nesi akaiona posti kwa macho yake. Aandike maelezo, kesho asubuhi tumfikishe nesi mahakamani, turudi kwenye wezi wetu."

"Na nikimkosa?"

"Utamkosaje, Koleo? Hospitali nzima inaizungumzia."

Nesi huyo, ambaye wodi nzima ilimwita Sista, alikuwa mahabusu tangu jana. Kosa lake ni posti moja aliyoiweka kwenye ukurasa wake mwenyewe, kwa jina lake na sura yake, bila kujificha popote. Chini ya picha ya kitanda cha kuzalishia, na dumu la maji kando yake, aliandika: "Wodi ya wazazi haina maji tangu wiki iliyopita. Tunanawa kwa maji ya dumu, na dumu likiisha tunamwomba Mungu. Ile pampu mpya iliyozinduliwa kwa hotuba inasukuma nini?" Mganga Mkuu wa hospitali akaja kituoni kushtaki.

Sheria ya mitandao ilikuwa na miezi michache tu tangu itungwe, na kama ilivyo kwa kisu kipya jikoni, kila mtu alitaka kuyajaribu makali yake. Iliadhibu kusambaza habari za uongo zenye kuutia umma hofu. Kifungo chake kilianzia miaka mitatu, na nesi aliyefungwa hupoteza leseni, kwa hiyo Sista akitiwa hatiani alikuwa anaaga kazi aliyoifanya maisha yake yote. Lakini ili uitwe msambazaji ni lazima habari itoke kwako iwafikie watu, na Mganga Mkuu peke yake, pamoja na ukubwa wake wote, hakuwa watu.

Nakala ya posti ilibanwa mwanzoni mwa faili, imechapwa kwenye karatasi nzuri kutoka simu ya mlalamikaji. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, yenye mistari myembamba ya mawimbi iliyopita katikati. Koleo aliilaumu simu. Mlalamikaji aliulaumu moyo wa Sista. Katika maelezo yake aliandika kwamba mtuhumiwa "aliondoa rangi kwa makusudi ili wodi ya wazazi ionekane kama chumba cha maiti."

Koleo alianza pale upelelezi unapopaswa kuanzia na mara nyingi hauanzii: kwa mtuhumiwa. Sista aliletwa akiwa bado na sare ya kazi, viatu bila kamba kwa taratibu za mahabusu. Nje, kwenye benchi la kaunta, mama yake alikuwa amekaa tangu alfajiri na chupa ya chai ambayo hakuna aliyeruhusu ipite.

"Ulipoiweka posti, nani alikujibu?" Koleo aliuliza.

"Hakuna."

"Hakuna aliyekujibu, au hakuna unayetaka kumtaja?"

"Hakuna, Inspekta. Mwezi uliopita niliweka picha ya keki iliyoniungulia, watu wakanicheka mpaka nikaizima simu. Hii nilikaa nayo jioni nzima. Hata mdogo wangu wa tumbo moja hakugusa." Sista aliangalia viatu vyake. "Nilijua wote wameogopa. Niliwalaumu moyoni, nikalala na uchungu wao. Asubuhi nikaamkia kwenu."

"Rangi uliitoa kwa nini?"

"Rangi gani?"

"Ya picha. Imekuwa nyeusi na nyeupe."

"Mimi sikutoa kitu. Nilipiga, nikaandika, nikaituma."

Koleo aliandika kwamba amekana. Watuhumiwa wengi hukubali jambo kubwa wakakana dogo, na hakuwahi kujua sababu.

Hospitalini alipewa chumba cha chai cha wafanyakazi, chenye meza moja yenye mguu mfupi na kalenda ya kampuni ya dawa. Waliingia mmoja mmoja. Aliwauliza swali lile lile, na wote walikuwa na jibu kabla hajalimaliza.

"Niliiona kwenye grupu," alisema mhudumu wa usafi.

"Grupu la wafanyakazi," alisema mtu wa maabara. "Mganga Mkuu mwenyewe aliiweka. Aliandika chini, 'Tazameni jinsi mwenzenu anavyotuchafua.' Sasa kuhusu hayo maji..."

"Sijakuuliza kuhusu maji."

"Na mimi sijasema," mtu wa maabara alijibu haraka. "Nina watoto watatu."

Karani wa mapokezi ndiye aliyempa matumaini. Aliingia kifua mbele, akasema yeye aliiona ukurasani kabisa kwa Sista, na hata alama ya moyo aliweka. Koleo akachukua kalamu.

"Nionyeshe."

Karani alifungua simu akatelezesha kidole, akarudi nyuma, akaenda mbele, halafu kidole kikasimama. Koleo aliinama kutazama.

"Hii ni keki," alisema.

"Eh," karani alikiri. "Lakini moyo nimeweka."

Alibaki mtu mmoja wa maana. Wenzake watatu, bila kuulizwa, walikuwa wamemtaja nesi wa zamu ya jioni, ambaye hakuwa akisalimiana na Sista tangu ugomvi wa likizo. Mantiki ilikuwa nyepesi. Mganga Mkuu si mtu wa kukaa anapekua kurasa za manesi. Mtu amempelekea, na mpeleka maneno mara nyingi ni mwenye chuki. Koleo alimwita, akafunga mlango.

"Naambiwa wewe na Sista hamwelewani."

"Hatuelewani hata kidogo," nesi wa jioni alisema. "Amekula likizo yangu, anajua, na Mungu anajua."

"Ukaiona posti yake, ukampelekea mkubwa."

"Ningeiona, Inspekta, ningemjibu hapo hapo chini, watu wasome. Mimi adui yangu namsema usoni. Lakini mtu alale ndani kwa kusema..." Alitazama mlango, akapunguza sauti. "Kwa kusema alichosema. Hilo simwombei hata yeye."

Aliweka simu mezani, ikiwa wazi. Koleo aliipitia yote, mwenye simu akiwa amekunja mikono. Hakukuwa na ujumbe wowote kwenda kwa Mganga Mkuu, isipokuwa malalamiko marefu ya likizo ambayo hayakuwahi kujibiwa.

Kwa hiyo ilipofika saa sita, hospitali nzima ilikuwa imeiona posti, na hakuna hata mmoja aliyeiona pale ilipowekwa. Wote walikunywa kisima kimoja, na mwenye kisima alikuwa mlalamikaji.

Koleo alirudi kituoni akaenda moja kwa moja chumba cha vielelezo. Askari mtunza vielelezo alikuwa mzee anayekaribia kustaafu, mwenye wivu na makabati yake kama mtu na mabinti zake. Alimtolea simu ya Sista kutoka kwenye bahasha yake, ikawashwa kwa nambari ya siri ambayo mwenyewe alishaitoa jana. Koleo alifungua ukurasa. Posti ilikuwepo.

Dumu lilikuwa la njano. Kitandani kulikuwa na blanketi jekundu na shuka la kijani lililofifia kwa kufuliwa.

Alitoa ile nakala ya faili akaiweka kando ya simu. Kitanda kile kile, dumu lile lile, maneno yale yale, lakini kwenye nakala kila kitu kilikuwa cha kijivu. Sista hakuwa amekana jambo dogo. Alikuwa amejibu swali, na Koleo alijichukia kidogo kwa kutolisikia jibu.

Kisha alitoa simu yake mwenyewe, akautafuta ukurasa wa Sista kama ambavyo mtu yeyote mtaani angeutafuta. Keki ilikuwepo. Baada ya keki hapakuwa na kitu. Alimwita dereva wa zamu, konstebo mmoja mpole anayependa kuulizwa, akamwambia ajaribu na yake.

"Naona keki, afande."

"Na juu ya keki?"

"Hakuna kitu. Ameifuta."

"Aifute akiwa selo?" aliuliza mtunza vielelezo, ameumia. "Na simu iko kabatini kwangu?"

Ilikuwepo kwenye simu moja tu duniani, ya aliyeiandika. Kwa wengine wote haikuwepo, na hapakuwa na dalili kwamba iliwahi kuwepo. Koleo alijua ofisi moja tu mjini yenye uwezo wa kufanya jambo kama hilo. Ile sheria mpya ilikuwa imezilazimisha kampuni za mitandao kuweka wachujaji humu humu nchini, watu wa kusoma kila kinachogusa ofisi za umma kabla hakijasambaa. Walikuwa ghorofa ya nne, juu ya duka la mapazia. Alikuwa amepita chini ya dirisha lao mara nyingi akienda kununua mapazia asiyoyaweza bei.

Mlangoni mlinzi alimwomba simu akaifungia kabatini pamoja na nyingine nyingi. Msimamizi wa zamu alikuja kumpokea, kijana wa shati lililopigwa pasi vizuri, mwenye adabu za mtu aliyeshawahi kuonana na polisi wengi na kuwarudisha wote.

"Bila amri ya mahakama, dada yangu, siwezi kukuonyesha posti ya mtu."

"Sitaki posti ya mtu. Nataka kujua kazi yenu inavyokwenda. Hilo nalo mpaka hakimu?"

Alicheka, akampitisha ndani.

Chumba kilikuwa kirefu, baridi, kimejaa migongo ya watu. Koleo alisimama nyuma ya mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, ambaye alimsogezea kiti bila kuacha kusoma. Mama huyo alieleza kazi kwa ufasaha, kama mtu aliyewahi kufundisha darasa kubwa.

"Posti ikitaja ofisi ya umma, inaanguka kapuni. Naisoma. Nikiona ni sawa naipitisha, nikiona ni matusi au uzushi naizuia. Msimamizi anaweza kuirudisha kapuni akitaka kuitazama tena."

"Ikiwa kapuni, nani anaiona?"

"Aliyeandika na sisi."

"Aliyeandika anaambiwa kuwa imezuiwa?"

"Haambiwi. Kwake inaonekana imetoka. Tungekuwa tunawaambia, mama, ngazi hizi zingevunjika kwa watu wa kuja kututukana."

Koleo alifikiria jioni nzima ya Sista na simu mkononi. Kisha akaangalia skrini ya mama yule, na ya jirani yake, na ya mbele yao. Zote zilikuwa za kijivu.

"Mashine zenu zimechakaa?"

"Hapana. Rangi zimezimwa." Mama alivua miwani akaifuta. "Sisi kutwa tunatazama ajali, maiti, watoto waliopigwa. Damu ikiwa ya kijivu, jioni unakula na unalala. Watu wa nje hawajui. Mimi siku hizi nyanya za sokoni zinanishtua."

"Kwa hiyo picha yoyote iliyo kapuni..."

"Humu haina rangi. Hatujui hata ilikuwa na rangi gani. Tunazoea tunasahau."

Koleo alimshukuru, akamwomba msimamizi waongee ofisini kwake. Walipokaa tu, simu ikaita kwenye mfuko wa shati la msimamizi. Aliikata.

"Simu si zinabaki kabatini?" Koleo aliuliza.

"Za wafanyakazi. Ya msimamizi inaingia, kwa dharura."

"Ni ya kwako peke yako inayoingia?"

"Ya msimamizi wa zamu, yeyote yule."

"Na juzi jioni zamu ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

Koleo alitoa nakala kwenye faili akaiweka katikati yao. "Hii imetoka kwenye simu ya Mganga Mkuu. Mistari hii ya mawimbi ni ile inayotokea ukiipiga picha skrini ya kompyuta. Nimeulizia hospitali nzima, hakuna aliyeiona ukurasani. Sasa najua sababu. Ilikuwa mahali pawili tu. Kwenye simu ya Sista, ambako dumu ni la njano. Na humu, ambako dumu ni la kijivu."

Msimamizi aliivuta ile karatasi karibu. Adabu zake zilibaki, lakini mwenyewe alionekana mdogo zaidi ndani ya shati.

"Mganga Mkuu ni nani kwako?" Koleo alimuuliza.

"Shemeji. Amemwoa dada yangu mkubwa."

"Endelea."

"Yule mama aliipitisha. Aliandika kuwa ni malalamiko ya huduma, iachwe. Mimi niliirudisha kapuni hapo hapo, kabla haijaonekana na mtu." Alipapasa ukingo wa meza. "Nilitaka nimpe shemeji siku mbili ayarekebishe maji, ikija kutoka watu wakute yameshatoka. Basi. Nikaipiga picha kwenye skrini nikamtumia. Ukiona moshi juu ya paa la dada yako utapita kimya?"

"Ulimwambia aisambaze?"

"Nilimwambia aizime kwa maji. Ndiyo maneno niliyotumia. Kusikia amekwenda polisi, nilikuwa nakula, chakula kikanishinda."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Koleo alimsogezea karatasi tupu. Msimamizi aliitazama kama mtu aliyewekewa dawa chungu.

"Nikiandika haya, kazi sina."

"Huenda. Na usipoandika, kesho kuna nesi atapanda kizimbani kwa maneno ambayo hayajasomwa na mtu. Chagua wewe, sikushiki mkono."

Aliandika kwa mwandiko mzuri, akatia sahihi. Kisha alitoka, akainama kwenye kompyuta ya yule mama mwenye miwani, akabonyeza mara moja. Aliporudi alisema, "Nimeiachia. Tangu mwanzo ilikuwa ya yule mama kuitoa." Koleo hakuwa amemwomba afanye hivyo, na hakumwambia asifanye.

Mganga Mkuu alimpokea kwa kumwonyesha saa ya ukutani. Nyuma yake palikuwa na picha yake kubwa akikata utepe mbele ya pampu, na mkasi ulikuwa mkubwa kuliko pampu.

"Shahidi mmepata?"

"Nakaribia, Daktari. Nataka tu kuweka sawa maelezo yako. Posti uliiona wapi?"

"Nilishaandika. Kwenye ukurasa wake, kama kila mtu."

"Uliifungua mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hilo dumu ni la rangi gani?"

Alivuta simu yake, akatazama. "Haina rangi. Ndiyo hoja yangu. Aliitoa rangi ili kutisha watu."

Koleo aliweka mbele yake picha aliyoipiga kwenye simu ya Sista, na kando yake maelezo ya shemeji yake. Alimwacha asome. Mganga Mkuu alisoma picha haraka na maelezo polepole, na alipofika kwenye sahihi alivua miwani.

"Huyu kijana nimemsomesha mimi," alisema.

"Anaonekana amesoma. Daktari, tangu asubuhi natafuta mtu aliyeisambaza hii habari. Haikutoka kwa Sista, ilizuiwa kabla ya kufika kwa mtu. Imefika kwa wafanyakazi wako wote kupitia grupu, na aliyeiweka kwenye grupu ni mmoja."

"Mimi niliweka ili kuonya."

"Sheria haisemi kitu kuhusu nia ya kuonya. Niliisoma mara mbili nikiwa garini, nikitumaini inasema."

"Unanitisha, Inspekta?"

"Namweleza mlalamikaji hali ya faili lake. Ukitaka liendelee, litaendelea, na swali la mwendesha mashtaka nitalijibu kama nilivyoliona. Ukitaka lisiendelee, hilo unaliweza wewe."

Koleo aliporudi kituoni, simu ilikuwa imemtangulia. Mkuu wa Kituo alikuwa ameegemea kiti, anajipepea na kofia.

"Amefuta malalamiko. Anasema ni mambo ya ndani ya hospitali. Mwachie huyo nesi, funga faili."

"Na maelezo ya shemeji yake?"

"Yabaki ndani ya faili, na faili libaki ndani ya kabati. Koleo, hapo achia."

Kwenye kaunta Sista alirudishiwa kamba za viatu, mkoba na simu. Mama yake alisimama kando yake, amemshika kiwiko kana kwamba kituo kingebadili mawazo. Koleo aliwaeleza yote kwa kifupi: kapu, skrini za kijivu, shemeji, grupu. Sista alisikiliza akifunga kamba, na alipomaliza hakuinuka.

"Kwa hiyo naachiwa kwa sababu hakuna aliyenisikia."

"Kisheria, ndiyo."

"Ningesikika ningefungwa."

"Ungefikishwa mahakamani. Huko wangeuliza kama ulichosema ni kweli au ni uongo."

"Nyinyi hamkuuliza?"

Koleo aligeuza kurasa za daftari la kaunta.

"Inspekta, sina ubaya na wewe, umenitoa. Lakini leo umeshinda hospitalini kwetu. Kuna mmoja wenu aliyeingia wodi ya wazazi akafungua bomba?"

Koleo alilipitia faili lote kichwani. Maelezo ya mlalamikaji, ya mtuhumiwa, ya wafanyakazi, ya msimamizi, nakala ya picha. Siku nzima alikuwa amefuatilia nani aliona nini na wapi, kwa ustadi aliokuwa akijivunia kimoyomoyo, na mtu wa maabara alipotaka kumwambia kuhusu maji alimnyamazisha yeye mwenyewe. Aliona aibu, na iliingia mwilini kabisa.

"Hapana," alisema. "Hakuna aliyefungua. Na kuna jambo lingine. Posti yako imetoka. Iko nje tangu mchana."

Sista aliwasha simu. Kwa muda haikufanya kitu, halafu ikaanza kutetemeka, ikatetemeka bila kupumzika mpaka mama yake akaisogelea kwa hofu. Sista alisoma kimya. Wa kwanza alikuwa mdogo wake. Waliofuata hakuwajua: mwanamke aliyejifungua huko juzi, mume wa mwingine, mtu aliyeandika kwamba na kwao ni hivyo hivyo.

"Ifute, mwanangu," mama alisema. "Wamekuachia, usiwape sababu. Mtu aliyenyamaza hajawahi kulala humu."

"Mama, juzi nimemtoa mtoto wa mtu nikanawa kwa kikombe."

"Najua."

"Kikombe kimoja, mikono miwili, na bado mama mtu nilikuwa sijamshona."

Mama alimfungulia chupa, akammiminia chai ambayo ilishapoa, akamtazama akiinywa yote. Sista alitia simu mfukoni kama ilivyo, bila kufuta kitu.

"Kesho nina zamu ya asubuhi," alimwambia Koleo. "Akija mlalamikaji mwingine, msihangaike kunitafuta nyumbani."

Walitoka, mama mbele, bado kashika kiwiko. Koleo aliwatazama mpaka wakavuka barabara. Mlalamikaji mwingine angekuja, hilo halikuwa na shaka, labda kabla ya kesho, na safari hii mashahidi wangekuwa wengi wa kumwaga. Kingekosekana kitu kimoja tu kwenye faili, ukweli wa hayo maji, na kitu hicho mtu mwenye cheo angeweza kukibadilisha kwa kuagiza gari moja la maji.

Alichukua fomu mpya ya uchunguzi wa mahali pa tukio, akamgonga dereva begani.

"Washa gari. Hospitali."

"Tunamkamata nani tena, afande?"

"Hakuna," alisema Koleo, akiwa tayari mlangoni. "Tunakwenda kufungua bomba."